Kiungo Kinapwaya

Kuna watu wanaodhani rafu ni rafu tu: unapigilia ubao ukutani, unapanga vikombe, kwisha. Watu hao tuwaache na vikombe vyao. Rafu za habari hii ni za ghalani, za chuma, zinazopanda mpaka zinakaribia paa, na mzigo wake ukishuka bila kualikwa hauchagui nani mwema nani mbaya. Na hicho chuma chenyewe usikipe sifa za bure. Ni bati. Bati jembamba limekunjwa likawa nguzo, bati jingine limekunjwa likawa boriti, na ni hapo nguzo na boriti zinaposhikana ndipo Bi Kwanini alipokosana na baba yake mdogo.

Jina la Bi Kwanini alibandikwa na mafundi siku za mwanzo, alipokuwa akizunguka karakana akiuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, mpaka mchomeleaji mmoja akamwomba amwachie walau avute pumzi. Hakukasirika. Alimuuliza kwa nini anaivutia upande wenye moshi. Yeye ndiye aliyekuwa injinia wa mahesabu pale kiwandani. Michoro yote ilipita kwake, akaijenga upya ndani ya kompyuta, akaitwisha mzigo, akaona kama itasimama au itajikunja, kisha akatia saini. Bila saini yake rafu haikutoka getini.

Na kiwanda kilikuwa cha Baba Mdogo. Huyu ndiye aliyemlea, maana baba mzazi alifariki binti akiwa bado anatambaa. Ndiye aliyemkalisha mezani na penseli, ndiye aliyempeleka chuoni, ndiye aliyempa kiti na kusema mbele ya wafanyakazi wote, "Huyu hapa ndiye macho yangu." Sasa mtu aliyekuita macho yake, unaanzaje kumwambia kuna kitu hakioni?

Fahari ya Baba Mdogo iliitwa Kucha. Aliibuni mwenyewe ujanani: kipande cha chuma kwenye ncha ya kila boriti, chenye meno yaliyopinda, yanayoingia kwenye matundu ya nguzo, yakashuka, yakakaa. Hakuna nati, hakuna boliti, hakuna kuchomelea. Watu wachache wasio na haraka waliweza kuisimamisha rafu nzima kwa asubuhi moja. Mzee alikuwa akiwapokea wageni na Kucha mkononi. "Chomeka," atakwambia. "Umeona? Imeshika. Tena rafu zangu hazina mikanda ya mshazari mgongoni. Unachukua mzigo mbele, unachukua na nyuma. Nenda kawaulize wengine kama wanaweza."

Rafu zake zilikuwa fupi fupi, na zilisimama miaka na miaka bila kumkwaruza mtu. Kisha akaja mama mmoja mwenye ghala la vigae, biashara imemkubali, nafasi imemwishia. Alitaka rafu ndefu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa pale. Baba Mdogo alisema ndiyo kabla mama wa watu hajamaliza kueleza.

Balaa lilianzia kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta nguzo ni mstari, boriti ni mstari, na zinapokutana ni nukta, na nukta hiyo lazima uiambie iwe nini. Ukiiambia imekazwa kabisa, rafu inasimama kwa ukaidi ambao duniani haupo. Ukiiambia ni bawaba, inalala chini kabla hujaigusa. Ukweli wa bati jembamba uko katikati. Kiungo ni springi: kinakaza kiasi na kukubali kiasi, kwa sababu meno yanapinda na midomo ya matundu inabonyea. Springi hiyo ina namba yake, na namba ya Kucha ilikuwa ikirithishwa kutoka kazi hadi kazi, tangu ilipopimwa kwenye maabara ya kiwanda. Wote waliiingiza bila kupepesa macho, Bi Kwanini akiwemo.

Safari hii aliiingiza namba ile ile na rafu ndefu ikasimama. Lakini ilisimama kwa shida, kwa kubembelezwa, na roho yake haikutulia. Akashuka maabara akajionee namba hiyo inavyopatikana.

Fundi wa maabara waliyemwita Taratibu alikuwa mtu mpole, asiyependa makelele wala kubishana. Aliichomeka Kucha yenye kipande cha boriti kwenye kipande cha nguzo kilichofungwa barabara, akaibonyeza kwa jeki mpaka ikalia kidogo, akaachia, akairudisha geji kwenye sifuri, na hapo ndipo akaanza kupima.

"Subiri kwanza," Bi Kwanini alisema. "Ile ya mwanzo ilikuwa nini?"

"Ipi?"

"Kabla ya sifuri. Umebonyeza, ukaachia."

"Aa, ile? Naikalisha tu."

"Kwa nini?"

Taratibu akacheka. "Haya, tumeshaanza. Ikiwa mpya inapwaya kidogo, dada yangu. Ukiipima hivyo hivyo, mstari unaanza vibaya. Mzee alinifundisha mwenyewe: ikalishe, rudisha sifuri, pima."

"Leo usiikalishe."

"Mstari utakuwa mbaya."

"Uwe mbaya. Pima."

Taratibu alipima shingo upande. Jeki ilikuwa haijaanza kubeba kitu cha maana, na boriti ilikuwa imeshageuka. Sindano ya geji ilikimbia. Bi Kwanini akamwomba aisukume upande wa pili, na boriti ikarudi vile vile, laini, bila ubishi wowote. Mpaka meno yagote kwenye bati, palikuwa hapana kiungo pale. Palikuwa na nafasi. Na nafasi hiyo, miaka yote, ilikuwa ikifutwa kwa kidole kimoja kabla ya kupimwa.

Wala usimwone Mzee mjinga. Sababu alikuwa nayo, tena nzuri: mzigo ukishapanda juu ya boriti unazikalisha Kucha zote, na kupwaya kunakwisha. Ni kweli kabisa, kwa mzigo unaobonyeza kwenda chini. Ila rafu huangushwa na kuyumba. Ikiyumba pembeni, Kucha za upande mmoja zinaachia na kurudi kwenye ile nafasi. Rafu fupi inavumilia. Rafu ndefu isiyo na mshazari mgongoni haina kitu kingine cha kuishika duniani ila hizo Kucha.

Bi Kwanini alirudi kwenye kompyuta akakiambia kila kiungo ukweli wake: kwanza pwaya, halafu kaza. Kompyuta ikahangaika na mahesabu, ikazunguka, ikakataa. Haikupata mahali ambapo rafu ingesimama. Akadhani amekosea yeye. Akakagua kila kitu, akaijenga modeli upya tangu msingi, akaisukuma kidogo tu pembeni, msukumo wa foklifti iliyokosea breki. Ikalala. Alibaki ameduwaa mbele ya kioo, mikono mapajani, akatamani sana awe amekosea.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kwa Baba Mdogo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umesaini?"

"Sijasaini."

"Basi saini, mama wa vigae anakuja keshokutwa."

"Kucha inapwaya, Baba Mdogo."

Mzee aliweka kalamu chini. "Nini inapwaya?"

Akamweleza yote, polepole, kwa heshima, na karatasi za vipimo akazitandaza mezani. Mzee hakuziangalia. Alimwangalia yeye.

"Mimi nimesimamisha rafu hizi wewe hujazaliwa."

"Najua."

"Nitajie moja iliyoanguka."

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa hakuna iliyowahi kuwa ndefu hivi. Tuweke mishazari mgongoni, itasimama. Nimeshaipima, inasimama vizuri tu."

"Mishazari!" Mzee alilitamka neno hilo kana kwamba limemwagikia shati. "Niende kwa yule mama nikamwambie Kucha yangu inataka mkongojo? Baada ya kumwahidi mbele na nyuma? Wewe unaujua uso wangu utakuwa wapi?"

"Baba Mdogo, watu watapita chini yake."

"Unanifundisha kazi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Uliniambia usisaini kitu usichokiamini."

"Basi kiamini!"

Mzee alijisikia mwenyewe alichosema, lakini maji yalikuwa yameshamwagika na Mzee si mtu wa kuokota maneno yake. "Usiposaini wewe, nitatafuta mwingine atakayesaini. Mainjinia wamejaa mjini."

"Mtafute. Ila ukimpata, umwonyeshe na ile sehemu mnayoifuta kabla ya kupima. Usipomwonyesha, nitamwonyesha mimi."

"Toka nje."

Alitoka. Hasira ilikuwa imempanda, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu, kwa sababu alimpenda yule mzee kuliko alivyoipenda kazi.

Jioni Mama Mdogo, mkewe Mzee, alimfuata nyumbani. Hakubisha hodi ya kawaida, aligonga kwa bangili. Alikaa, akakataa chai, na ukiona Mama Mdogo amekataa chai ujue mambo yameharibika.

"Mwenzako hali," alianza. "Anakaa anageuzageuza kile kidude chake mkononi. Umemfanya nini?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli gani usioweza kuambiwa mtu akiwa ameshiba?"

Bi Kwanini alicheka bila kutaka. Mama Mdogo akashika hapo hapo. "Saini, mwanangu. Karatasi tu. Halafu utamnong'oneza taratibu, ataweka hivyo vishazari vyake mwenyewe, aonekane amevitaka yeye. Wanaume wa ukoo huu ndivyo wanavyokwenda. Mimi nimemwendesha hivyo tangu anioe."

"Na akikataa kunong'onezwa?"

Mama Mdogo alizigeuza bangili zake.

"Jina litakalokuwa pale ni langu, Mama Mdogo. Rafu ikianguka siku moja, wataniuliza mimi, na mimi nitajibu nini? Kwamba nilikuwa namheshimu? Namheshimu, tena sana. Lakini sisaini."

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

"Wewe mtoto una kichwa kigumu!"

"Nilikitoa wapi kama si kwenu?"

Mama Mdogo alimkata jicho, akainuka, akajitanda vizuri. Mlangoni aligeuka, uso umemlegea. "Mimi nimesema niliyotumwa kusema," akamwambia, akaenda zake.

Siku ya mgeni, kwenye uwanja wa kiwanda kulikuwa kumesimamishwa rafu moja ya maonyesho, urefu wake wote, na viroba vya mchanga vimepangwa hadi juu. Mafundi walikuwa wamesogea kuangalia. Mama wa vigae alikuja na viatu vya kazi, jambo lililomfurahisha Bi Kwanini mara moja, akazunguka rafu mbele na nyuma akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mzee angeweza kumfukuza binti yake kimyakimya na kumtafuta mwingine, lakini hakutaka ushindi wa namna hiyo. Alitaka kumnyamazisha mbele za watu. Alipiga makofi, watu wakatulia.

"Mama, mimi sifichi kitu," alisema. "Injinia wangu hapa, mwanangu mwenyewe, anasema rafu hii ikiguswa inaanguka. Kompyuta imemwambia. Sasa leo tutaiuliza rafu yenyewe." Akaagiza kiti. Kikaletwa. Akakibeba, akakiweka chini ya rafu, katikati kabisa ya viroba vyote vile, akaketi, akapachika mguu juu ya mguu. "Dereva! Leta foklifti. Iguse nguzo, kama wanavyozigonga kila siku huko maghalani. Usiiparamie, iguse tu."

Watu waliguna. Dereva akawasha foklifti, akaisogeza kidogo, akasimama.

Kila mtu alimtazama Bi Kwanini, na alijua wanachongojea: ama anyamaze aone, ama alie, ama akimbilie kalamu. Alitembea. Akapita mbele ya mafundi, akaenda akasimama kati ya foklifti na rafu, mgongo wake kwa nguzo.

"Thubutu!" alimwambia dereva. "Ukitaka kuigusa, nianze mimi."

"Ala! Unaogopa kuumbuka!" Mzee alipaza sauti kutoka kitini. "Mnamwona? Anaogopa!"

"Naogopa ndiyo! Toka hapo chini, Baba Mdogo, halafu iguswe hata mara mia. Ikisimama nitasaini mbele ya huyu mama, nitaomba radhi, na kazi nitaacha leo leo. Lakini wewe ukiwa hapo, haigusi mtu. Baba mmoja ameshakufa. Wa pili simtoi kwa ajili ya bati."

Mzee aliushusha mguu wake chini, kisha akaurudisha juu kwa makusudi.

"Mimi sitoki, kwa sababu naiamini kazi yangu. Dereva, mzunguke huyo, ingia upande wa pili. Sukuma."

Dereva alizima mashine. Akateremka. "Mzee, unisamehe," alisema. "Jana nikiweka viroba vya juu niliiona inavyokwenda. Mimi siwezi."

"Uliiona, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, Mzee."

"Msimamizi! Panda wewe."

Msimamizi wa karakana, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa akimwambia kila mtu kwamba wasomi wana maneno mengi, alikuta kuna kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Hakuinua uso.

"Taratibu! Wewe umeipima Kucha hii maisha yako yote. Njoo."

Taratibu alisogea mbele kidogo, mikono nyuma, sauti haisikiki vizuri. "Mzee, mimi ndiye ninayeikalisha kwanza," alisema. "Isipokalishwa naijua ilivyo."

Mama wa vigae alikuwa amesimama pembeni muda wote huu, mkoba kifuani. Sasa alikohoa. "Samahanini," alisema. "Mimi si fundi. Lakini kama hapa hamna hata mmoja anayekubali kuigusa wakati mwenyewe amekaa chini yake, mimi vijana wangu nitawaweka wapi?"

Mzee alimtazama, akamtazama dereva, akamtazama msimamizi wake, watu aliokula nao na kugombana nao miaka yote, na wote waliyaficha macho yao. Bi Kwanini peke yake ndiye hakuyaficha. Alibaki amesimama pale pale, mgongo kwa nguzo, mikono ameitanua kidogo pembeni, na uso wake ulikuwa mkavu na mkali.

Mzee akainuka. Alijikongoja kidogo, maana alikuwa amekaa vibaya, akatoka chini ya rafu bila kumwangalia mtu. Akamwashiria binti yake asogee. Safari hii alisogea. Mzee akaweka kiganja kwenye nguzo, akasukuma kidogo, akaachia. Akasukuma tena iliporudi, akaachia. Akasukuma tena, kama mtu anayembembeza mtoto. Viroba vya juu vikaenda, vikarudi, vikaenda zaidi, na bati likaanza kulia kwenye matundu, kila Kucha kwa sauti yake. Kiroba kimoja kikaserereka kutoka juu kabisa, kikapasuka juu ya kile kiti, na kiti kikavunjika mguu.

Watu wote walirudi nyuma. Mzee hakurudi. Aliutoa tu mkono, akasimama akiitazama rafu yake ikiyumba, mpaka ikachoka yenyewe na kutulia, na mchanga ukabaki unamwagika kidogo kidogo kutoka kwenye kiroba. Alipogeuka, alikuwa amezeeka kuliko alivyoamka.

"Usisaini," alimwambia.

"Kwani nani alikuwa anasaini?" alisema Bi Kwanini, machozi yakimtoka, akamshika mkono amwondoe pale.